Kusaka Mtumbwi wa Cherehani

Magharibi mwa Glasgow kuna stesheni ya treni inayoitwa Singer. Jina hilo si la kijiji wala la mto. Ni la kiwanda cha vyerehani, na kiwanda chenyewe hakipo tena. Stesheni ilihamishiwa pale mwaka 1907, karibu na lango la kazini. Kiwanda kikafungwa mwaka 1980 na majengo yakabomolewa, lakini treni bado inasimama, na sauti ya kwenye spika bado inalitaja jina lile mbele ya abiria wasioinua hata macho kutoka kwenye simu zao.

Nilishuka pale Jumamosi moja yenye mvua nyembamba, ile ambayo Waskoti hawaihesabu kuwa mvua. Kazi iliyonipeleka Glasgow haikuhusiana na ushonaji hata kidogo. Ila kwenye simu nilikuwa na picha za cherehani cha mkono cha bibi yangu mzaa baba, alizozipiga mdogo wangu huko Tanga, pamoja na nambari iliyonakiliwa upande wa kulia wa mashine, chini ya gurudumu: herufi Y na tarakimu saba. Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, cherehani kimetuangukia sisi, nacho hakishoni. Kilikosa kipande kimoja kisichofika urefu wa kidole: kijumba cha chuma kinachobeba bobini nyembamba ndefu, butu upande mmoja, chenye ncha upande wa pili. Bibi alikiita mtumbwi, nasi tukakua tukikiita hivyo.

Mtumbwi ulipotea lini? Inategemea unamuuliza nani. Shangazi anawataja watoto wa kaka yangu. Kaka anasema ulipotea tulipohama nyumba ya Ngamiani, watoto hawajazaliwa. Sikuwa na nguvu ya kusuluhisha kesi hiyo.

Shangazi ndiye mwenye historia yote ya cherehani kile. Kwa maelezo yake, kilinunuliwa na baba yake bibi kutoka kwa Mjerumani wa shamba la mkonge, kabla Mwingereza hajaingia. Ni hadithi nzuri, na haikosi mashiko. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, mashamba yakatapakaa kuelekea Muheza na Korogwe, na si ajabu nyumba ya msimamizi mmoja kuwa na cherehani. Waingereza waliiteka Tanga Julai 1916. Kama shangazi anasema kweli, basi cherehani kilitoka kiwandani kabla ya hapo.

Nambari inamkatalia. Mpaka mwisho wa karne ya 19 Singer waliandika tarakimu tupu. Kuanzia mwaka 1900 wakaanza kutanguliza herufi, na baadaye kila kiwanda kikawa na herufi zake: G ilikuwa ya Elizabethport kule New Jersey, F ilikuwa ya Kilbowie, yaani hapa Clydebank. F ilipojaa, Kilbowie wakaendelea na Y tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930, kisha wakaingia kwenye herufi mbili, EA na nduguze. Nambari ziligawiwa kwa mafungu makubwa kabla mashine hazijaundwa, kwa hiyo tarehe ya kwenye orodha ni ya fungu kutengwa, si ya siku cherehani kilipotoka mlangoni. Hata ukilegeza namna gani lakini, Y haiwezi kurudi nyuma mpaka kwa Mjerumani. Cherehani chetu ni cha zama za Mwingereza.

Nilimtumia shangazi ujumbe wa sauti kumweleza hayo kwa adabu zote. Alijibu kwa sekunde chache: "Hao waliokosea kuandika nambari ni wao, mwanangu. Mimi nilimsikia babu kwa masikio yangu."

Kilbowie leo ni eneo la ofisi na maghala ya kisasa, yenye maegesho ya magari na vichaka vilivyokatwa sawasawa. Ukisimama hapo huoni chochote cha kukuonyesha kwamba ujenzi wa kiwanda ulianza mwaka 1882, au kwamba mwaka 1913 peke yake walisafirisha vyerehani zaidi ya milioni moja. Palikuwa na mnara wa saa yenye nyuso nne, ya mji mzima kujua nani amechelewa kazini. Nyuso zile zilipanuliwa mwaka 1926 zikawa kubwa kuliko za saa yoyote ya aina hiyo duniani, na mnara ukavunjwa mwaka 1963. Clydebank wenyewe huusikitikia mnara ule kuliko wanavyousikitikia uwanja wa meli wa John Brown, uliounda Queen Mary. Angalau hivyo ndivyo nilivyosikia kwenye mkahawa nilipokwenda kukausha koti.

Kichwani nilikuwa na jambo moja linalohusu mbao. Cherehani cha bibi kina mfuniko wa mbao zilizopindwa kwa mvuke, wenye rangi ya asali mpaka leo ukiupangusa. Kazi ya kuzing'arisha mbao hizo ilikuwa ya wanawake, na ni wao walioanzisha mgomo mkubwa wa Machi 1911. Menejimenti ilipunguza watu katika kikundi kimoja cha wang'arishaji na kuwaongezea kazi waliobaki. Wanawake 12 wakaweka zana chini, na katika siku chache kiwanda karibu kizima, watu wapatao 11,000, kilikuwa nje. Mgomo ulishindwa, na wengi walioongoza walifukuzwa. Miaka 30 baadaye, mabomu ya Wajerumani ya usiku wa tarehe 13 na 14 Machi 1941 yaliunguza uwanja wa mbao wa kiwanda. Tangu nisome hayo, mfuniko ule siubebi tena kwa mkono mmoja.

Makumbusho ya mji yako ndani ya jumba la halmashauri, na vyerehani vimepangwa nyuma ya vioo. Mama mmoja mtu mzima, aliyeanza kazi Singer akiwa msichana katika miaka ya 1960, alikuwa akizungumza na wageni. Nilimpa simu aone picha. Nilikuwa tayari kumsomea nambari, lakini hakuitaka. Alikuza picha kwa vidole viwili, akatazama upande wa gurudumu, akasema, "Ishirini na nane." Kisha akauliza: "Kinashona?"

Nikamwambia hapana, na kwa nini. Akatikisa kichwa, akanionyesha alichokuwa akitazama.

Cherehani cha zamani hakijaandikwa aina yake mahali popote. Jina la kampuni limejaa kila upande, kwa dhahabu, lakini "28" haipo. Hiyo utaikuta kwenye kitabu cha maelekezo tu, na kitabu ndicho kitu cha kwanza kupotea. Kwa hiyo unakisoma kwa umbo. Kwanza, bobini inakaa wapi? Kama ni ya duara na imesimama ndani ya kesi yake upande wa kushoto, hiyo ni jamii ya 15. Kama ni ya duara na imelala chini ya kibati karibu na sindano, ni 66 au mdogo wake, 99. Kama ni nyembamba ndefu, ndani ya mtumbwi unaokwenda na kurudi chini ya bamba, hapo uko kwenye ukoo wa 27 na 28. Halafu unapima kitako: 27 ni mkubwa, karibu sentimita 37, 28 ni mdogo wake, karibu sentimita 31. Mwisho unatazama kile kifaa cha kujazia bobini. Kikiwa chini, karibu na kitako, ni 27 au 28. Kikiwa kimepandishwa juu, usawa wa gurudumu, ni 127 au 128, na hao wana kitufe cha kurushia mtumbwi nje. Herufi K nyuma ya namba ya aina, kama 28K, ni ya Kilbowie.

Mama yule alifanya yote hayo kwa kutupa jicho. Nami tangu siku hiyo nimepoa sana kuhusu mwaka. Ukikutana na warithi wa vyerehani, swali la kwanza ni mwaka, na ukimtajia mtu 1926 atafurahi kuliko ukimtajia aina ya bobini. Lakini mwaka haushoni kitu. Vyerehani viwili vya mwaka mmoja, kiwanda kimoja, vinaweza visishirikiane hata skrubu ya mtumbwi. Na viwili vilivyopishana miaka 30 vinaweza kubadilishana mtumbwi bila ubishi, kwa kuwa 28 na 128 vinatumia mtumbwi ule ule, ambao katika vitabu vya spea vya Singer ni namba 54507, na bobini yake ni 8228. Hizo ndizo nambari za kuandika kwenye kiganja. Ile ya Y ni ya kumtania nayo shangazi.

Kabla ya kurudi nyumbani nilipita kwenye mtaa mmoja wa maduka nikakuta duka la nguo ambalo dirisha lake lote, kutoka chini mpaka juu, ni vyerehani vya zamani vilivyopangwa safu kwa safu kama mapambo. Nilisimama pale muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Nilihesabu vya ukoo wa 28 mpaka nikachoka, na katika kila kimoja, kwa mahesabu yangu, mtumbwi ulikuwa umelala gizani bila kazi. Sikusema kitu kwa mwenye duka. Haki ni kwamba Uingereza kumekuwa na waliofanya kinyume chake: Tools for Self Reliance, waliokuwa na makao Netley Marsh karibu na Southampton, walikusanya vyerehani na zana za mikono zilizolala vibandani, wakazitengeneza na kuzituma Afrika, Tanzania ikiwemo.

Mtumbwi mpya nilioagiza kwa posta ulikuja ndani ya mfuko wa plastiki, unang'aa, umetengenezwa siku hizi kwa kuigiza ule wa 54507. Niliutia kwenye mkoba wa mkononi. Kwenye uwanja wa ndege, afisa wa mashine ya kukagua mizigo alisimamisha mkanda, akamwita mwenzake, wakaangalia skrini pamoja, kisha akaniuliza kwa upole sana kama nimebeba risasi. Ukiutazama mtumbwi kwenye skrini, na ncha yake ile, huwezi kumlaumu. Nilieleza. Alitaka kuona bobini inavyoingia. Nikamwonyesha. Mwenzake akasema mama yake anacho kimoja, na foleni nzima nyuma yangu ikasubiri tumalize habari za mama yake.

Tanga, cherehani tulikipeleka kwa fundi wa Ngamiani anayekaa barazani na Butterfly yake ya miguu. Butterfly ni ya Shanghai, na ukiifungua ni Singer 15 kwa sura na kwa vipimo; ndivyo zilivyo pia nyingi za India. Hiyo ndiyo sababu mrithi wa 15 katika nchi hizi ni mtu mwenye bahati asiyejijua. Kesi ya bobini, bobini, mkanda, meno, mguu, vyote vinapatikana Kariakoo, na hata kwenye gulio. Wakati cherehani kingine kinangoja spea ya kutoka ng'ambo, cha 15 kinatengenezwa kabla chai haijapoa. Ukoo wa mtumbwi haukuachiwa kizazi namna hiyo. Ulikoma kuundwa, na spea zake zimebaki zile zilizokwisha kuundwa na hizi za kuigiza.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Hiki cha bibi? Alinipindia kanga ya mke wangu ya harusi kwa hiki." Alikigeuza ubavu, akatia pua. "Nani katia mafuta ya nazi?"

Hakuna aliyejibu. Mafuta ya nazi yanafaa nywele na wali. Ndani ya cherehani yanaganda yakawa gundi ya kahawia, na gurudumu linakuwa zito kiasi cha kudhani chuma kimeliwa. Fundi alimimina mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta, akakiacha kilale, siku ya pili akakizungusha polepole, akafuta, akamimina tena. Kilipoachia, gurudumu lilizunguka lenyewe hata alipotoa mkono. Kisha akaona la pili: skrubu inayokaza sindano haikuwa yake. Mtu fulani zamani alikuwa amelazimisha ya baiskeli. Singer walikata nyuzi za skrubu zao kwa vipimo vyao wenyewe, visivyoingiliana na skrubu za dukani, na anayelazimisha anaharibu tundu. Bahati, ya baiskeli ilikuwa laini, ikaharibika yenyewe. Fundi alikuwa na skrubu ya Singer iliyotoka kwenye mashine iliyokufa, akaitia.

Sindano haikuwa tatizo. 28 inatumia sindano ile ile ya 15x1, ambayo pakiti nyingine zinaiita HAx1 na nyingine 130/705 H, na ndiyo inayouzwa kila duka la vifungo. Huo ni muujiza mdogo usiosemwa: mashine ya Y, ya zama za Mwingereza, inachukua sindano iliyotengenezwa mwaka huu.

Tatizo likawa mtumbwi mpya. Fundi aliuweka, akapitisha uzi, akashona kipande cha kaniki. Mishono michache ilikwenda vizuri, halafu uzi ukakatika. Akatunga tena, ukakatika tena, mahali pale pale. Akautoa mtumbwi, akapitisha ukucha kwenye ncha.

"Sikia," akanipa.

Ukucha wangu ulikwama. Kulikuwa na kibanzi kisichoonekana kwa jicho. Akanieleza kazi ya mtumbwi kwa namna ambayo kitabu hakikunieleza. Mtumbwi haujafungwa kwenye kitu chochote. Umekalia tu kibebeo chake, huru. Kwa kila mshono, kitanzi cha uzi wa juu kinaupitia mtumbwi wote, kinaanzia kwenye ncha, kinapanda mwilini, kinatokea nyuma. Kwa hiyo pande zote lazima pabaki nafasi ya unene wa uzi, na ndiyo maana vyerehani hivi vina ile kelele ya kugongagonga ambayo warithi wengi huchukulia ni ugonjwa na kutaka kuikaza. Ncha ikiwa na kibanzi, kitanzi kinakatwa mlangoni. Na huu wa kuigiza, alisema, una rangi ya kung'aa iliyopakwa nene. Hata ukiusugua ncha, kiuno ni kinene. Alijaribu kuusugua hata hivyo, kwa msasa laini na kisha kwa kipande cha ngozi. Uzi ukawa unakatika mara chache zaidi. Fundi mwenye heshima zake hakupendezwa na "mara chache zaidi".

"Nenda Mombasa," akasema. "Mtaa wa Biashara, uulize."

Njia ya Tanga kwenda Mombasa ni fupi kwa ramani na ndefu kwa utaratibu. Noah mpaka Horohoro, mihuri miwili, halafu Lunga Lunga, na matatu inayokimbia katikati ya minazi na mikorosho na mashamba ya miwa ya Ramisi. Ndani ya gari Kiswahili kinabadilika taratibu. Ukivuka, "unataka" inakuwa "wataka", na kufika Ukunda kondakta anakuita "mamii". Likoni tulivuka kwa feri, watu wamesimama bega kwa bega na baiskeli na matenga ya kuku, upepo wa bahari ukipeperusha mabuibui.

Mtaa wa Biashara uko jirani na Marikiti. Ni mtaa wa kanga. Hapo ndipo walipo Mali ya Abdulla, jina linaloonekana ukingoni mwa kanga ambazo mama zetu walizikunja sandukuni. Na kanga, kama kila mtu wa pwani ajuavyo, inauzwa doti, vipande viwili vimeungana, pindo hazijakunjwa. Lazima ikatwe ipindwe. Kwa hiyo barazani mwa maduka wanakaa mafundi wa kupinda, mmoja baada ya mwingine, na kazi yao ni mstari mnyoofu tu kutwa nzima. Mstari mnyoofu ndio kitu pekee 28 inachojua kufanya. Haina zigizagi, haina hata kurudi nyuma. Kwa kanga huhitaji zaidi.

Wengi wa mafundi wale walikuwa na mashine za miguu za jamii ya 15, na nilipouliza habari ya mtumbwi walinielekeza wote kwa mtu mmoja, ndani kidogo upande wa Mji wa Kale, chumba kisicho na kibao mlangoni. Mzee amevaa kikoi na fulana, miwani imefungwa uzi, amezungukwa na vichwa vya vyerehani vilivyolazwa ubavu.

"Asalaam aleikum, mzee wangu. Natafuta mtumbwi wa cherehani."

"Waaleikum salaam. Wataka mtumbwi wa cherehani gani?"

"Singer."

"Singer ni nyingi, mwanangu."

"Ishirini na nane."

Aliinua miwani. "Nani alokwambia ni ishirini na nane?"

Nikamtajia: bobini ndefu, kitako kidogo, kifaa cha kujazia bobini kiko chini, hakuna kitufe. Akasikiliza mpaka mwisho, kama mwalimu anayesikiliza mtoto akisoma sura. Halafu akavuta kopo la maziwa ya unga kutoka chini ya meza, akalimimina juu ya gazeti.

Ilikuwa ni mitumbwi tupu. Mingine myeusi, mingine imepata kutu, mingine inang'aa kwa kutumika, kila mmoja umetoka kwenye cherehani kilichokufa kwa sababu nyingine. Aliipanga kwa kidole bila kusema kitu. Huu ni wa Jones, Waingereza wa Manchester. Huu wa Frister & Rossmann, Wajerumani wa Berlin. Ukiitazama haraka yote ni jamaa, ukiijaribu kwenye kibebeo utakuta mmoja ni mrefu, mwingine mpana, mwingine sipringi ya kubana uzi iko upande usiofaa. Akafika kwenye ya Singer, akachagua minne. Akautupa mmoja pembeni kwa sababu ncha ilikuwa imeliwa. Mitatu akaitia bobini, akapitisha uzi chini ya sipringi, akauning'iniza mmoja mmoja kwa uzi wake na kuutikisa kidogo. Wa kwanza ulishuka mpaka mezani. Wa pili haukusogea hata ulipotikiswa. Wa tatu ulishuka kidogo ukasimama, ukatikiswa ukashuka kidogo tena.

"Huu hapa."

Nilitoa ule mpya nimwonyeshe. Aliupitisha ukucha, akacheka kwa pua, akauweka pembeni ya taa. Bei aliyotaja ilikuwa shilingi 2,000 za Kenya. Nikasema ni nyingi kwa kitu kilichotoka kwenye kopo. Akasema vitu vyote vizuri hutoka kwenye makopo. Tukakubaliana 1,500, nami nimwachie ule mpya. Nilimuuliza ataufanyia nini. Akasema atausugua taratibu, siku ambazo hakuna kazi, mpaka kiuno chake kipungue. Yupo atakayekuja siku moja hana uwezo. Nilimuuliza pia mtu akipoteza mtumbwi baada ya kopo kwisha atafanyaje. Alijibu kwamba vyerehani vinakufa haraka kuliko mitumbwi, kwa hiyo kopo linajaa.

Jibu hilo limenikaa kichwani kuliko yote niliyoyasoma Clydebank. Kiwanda kilichounda zaidi ya milioni moja kwa mwaka, kila aina kwa kipimo chake kimoja, kimekufa. Lakini kwa sababu ya kipimo kile kimoja, kila maiti ya 28 popote pwani hii ni ghala la spea kwa iliyo hai. Kingekuwa cherehani cha fundi mmoja stadi, kila kipande kimetengenezwa kwa ajili ya mwenzake, urithi wetu ungekuwa pambo la sebuleni. Watu hulalamika kwamba vitu vya kiwandani havina roho. Sijui habari ya roho. Najua kwamba mtumbwi uliotoka kwenye mashine ya mtu nisiyemjua Mombasa uliingia kwenye kibebeo cha bibi yangu kama haujawahi kukaa pengine.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Fundi wa Ngamiani aliutia, akavuta uzi wa chini juu, akakunja pindo la kanga ya shangazi na kuzungusha mkono. Kelele ya kugongagonga ilianza, nyepesi, ya kupishana. Uzi haukukatika. Alishona upande mmoja wote, akageuza kitambaa, akatazama chini: mishono ya juu na ya chini imefungana katikati ya kitambaa, hakuna uliovuta mwenzake. Akalegeza skrubu ndogo ya mtumbwi nusu ya nusu ya mzunguko, akashona upande wa pili, akaridhika.

Sasa mdogo wangu anapinda kanga za mtaa mzima, kwa bei nafuu kidogo kuliko ya wenye mashine za miguu, na wakati wa harusi hainuki pale. Ananidai bobini za 8228, kwa kuwa tunazo mbili tu na kila akibadilisha rangi ya uzi lazima afungue moja. Bado pia kuna bamba la mbele, lile la kuteleza linalofunika njia ya mtumbwi. La kwetu halipo, na vumbi la uzi linaingia moja kwa moja. Fundi wa Ngamiani alitukatia la bati, linafanya kazi, ila linatoka kila kitambaa kikiwa kizito. Juzi mzee wa Mombasa alinipigia. Kuna mtu Lamu anauza 28 kibovu, mabamba yake yote mawili yapo, gurudumu limepasuka. Aliuliza nataka bamba peke yake au mashine yote. Nimemwambia anunue yote, bamba aniletee mimi, na mtumbwi autie kwenye kopo.